Pompi ya Moyo na Koo la Mtoto

Mama mmoja aliniuliza: «Mtoto wangu moyo umechoka. Nasikia kule Ulaya wako na mashine ya moyo. Hawawezi kumtilia?» Swali lake ni zuri. Tulijibu pamoja.

Weka mkono kifuani. Unasikia? Moyo ni pompi. Kwa mtu mkubwa unasukuma damu karibu litri 5 kila dakika. Bidoni ya litri 20 ingejaa kwa dakika 4. Moyo ukichoka, maji yanabaki mwilini: miguu inavimba, pumzi inakatika, mgonjwa analala akiwa amekaa.

Ndiyo, mashine iko. Mwaka 1966, kule Houston, Marekani, munganga Michael DeBakey alimpasua mama mmoja wa Mexico, wa miaka 37. Milango midogo ya moyo wake ilikuwa imeharibika. Pompi ilisaidia moyo siku 10, kisha ikatolewa, naye akarudi kwao.

Siku hizi pompi inashonwa kwenye moyo wenyewe, na mgonjwa anaweza kuishi nayo miaka. Lakini waya unatoka tumboni mpaka kwenye batri anazobeba. Batri zinataka umeme kila siku. Kidonda cha waya kinataka usafi. Dawa ya kuzuia damu isigande haikosi hata siku moja. Na bei yake ni kubwa sana.

Sasa sikieni. Milango ya moyo wa yule mama iliharibiwa na homa ya rumatismu. Ugonjwa huo unaanza wapi? Katika koo la mtoto!

Kwa hiyo, wamama:

1. Mtoto akiumwa koo na homa, bila mafua wala kikohozi, mlete upesi. Penisilini inalinda moyo.
2. Magoti au viungo vingine vikivimba majuma machache nyuma ya koo, usingoje. Mlete.
3. Mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo anachomwa sindano kila majuma 3 au 4, miaka mingi, hata kama anacheza vizuri.
4. Nawe mama, ukikosa pumzi ukilala, mwisho wa mimba au miezi ya kwanza nyuma ya kuzaa, usiseme «ni uchovu tu». Kuja tukupime.

Yule mama nilimjibu hivi: mashine iko mbali, lakini sindano ya mtoto wako iko hapa. Usikose siku yake.