Gitaa la Galoni na Hesabu Yake



Nimeombwa niseme machache kama mhasibu. Naomba nianze na gitaa.

Nikiwa shule ya msingi hapa nyumbani nilitengeneza gitaa. Sanduku lilikuwa galoni la bati la mafuta ya kula. Shingo ilikuwa kipande cha mtarakwa kilichobaki kwenye nguzo za boma, na nyuzi ni waya wa breki ya baiskeli niliofumua. Vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, ambavyo kidole hubana waya nyuma yake, nilivipata kwa kukata misumari. Nikavipanga kwa nafasi sawa: vidole viwili, vidole viwili, mpaka mwisho.

Sauti ya kwanza na ya pili zilikubali. Kuanzia hapo, kila nilivyosogea, wimbo ulizidi kupotea. Wenzangu walicheka, nami nikaamini ubaya ulikuwa wa galoni.

Galoni halikuwa na kosa. Nilikuja kuwa mtu mzima, ndipo fundi mmoja mjini akanionyesha kanuni yake, nikacheka. Ilikuwa hesabu ya uchakavu niifanyayo ofisini: kila mwaka hukati kiasi kilekile, unakata asilimia ileile ya thamani iliyobaki.

Pima urefu wa waya unaolia, tuseme milimita 650. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.5. Hapo weka chuma cha kwanza. Zimebaki 613.5, gawanya tena kwa 17.817, unapata 34.4, nafasi ya kufikia chuma cha pili. Endelea hivyo. Chuma cha 12 kitaangukia milimita 325, nusu kamili, na waya utatoa sauti ileile ya mwanzo, ila ya juu.

Najua mzee atauliza: sisi huimba kwa koo na kupuliza pembe la tandala, gitaa la nini? Baba, mlango ukikosewa milimita tatu bado utafungwa. Gitaa likikosewa milimita tatu linakushtaki mbele za watu. Kijana akiweza kutengeneza gitaa linaloimba sawasawa, dawati na dirisha havitamshinda.

Nchi yetu haijakosa mali. Mpingo wa Kilwa na Lindi husafirishwa hadi Ulaya kutengenezewa klarineti na magitaa. Mimi nami sikukosa bati wala waya. Nilikosa mtu mwenye rula, wa kukaa nami jioni moja tu.

Kwa hiyo naomba michango ya leo isiishie kwenye kununua vifaa. Randa na misumeno bila mwalimu vitalala stoo, na mimi nitaviandika uchakavu kila mwaka mpaka viishe. Kwanza tumlipe fundi akae na vijana wetu mwaka mzima; vifaa vifuate.

Mwakani hesabu isomwe hapa hapa, risiti zikiwa mezani, na kijana mmoja atupigie gitaa alilolitengeneza mwenyewe. Likilia vibaya, mniulize mimi.