Nani Analipia Sauti? Simu ya Mezani na ya Mkononi nchini Rwanda

Mhadhara wa umma, Kigali



Husimuliwa kwamba watu waliacha simu ya mezani wakahamia ya mkononi. Kwa Ulaya ni kweli. Kwa Rwanda, aliyehama ni nani? Simu za mezani hapa hazijawahi kufikia hata moja kwa kila watu mia. Zilikuwa wizarani, benki, hospitalini, parokiani na katika nyumba chache za mjini. Mkulima wa wilaya ya Nyaruguru hakuwa na waya wa kuuacha. Kwa hiyo jioni hii tusifuate waya, tufuate pesa.

Simu ya ofisini ililipiwa na ofisi. Ankara ilikuja baadaye, ikasainiwa na mtu ambaye pengine hakuwa amepiga hata mara moja. MTN Rwandacell ilipoanza huduma mwaka 1998, na kadi za muda wa maongezi zikaingia madukani, hesabu ilihamia mfukoni mwa anayepiga. Salamu ndefu, ambazo sisi watu wa Maziwa Makuu hatuna haraka nazo, zikawa na bei.

Ndipo kubipu, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa, kukashamiri. Mtafiti Jonathan Donner, aliyewahoji wafanyabiashara wadogo wa Kigali mwanzoni mwa miaka ya 2000, alichapisha mwaka 2007 makala kuhusu kanuni za kubipu. Hakuna mdhibiti aliyeziandika, ila kila mtu alizijua. Mwenye nacho ndiye hupiga. Anayeomba msaada habipu, hutafuta pesa akapiga. Kijana anayechumbia akimbipu binti, ameshaeleza hali yake. Nami naona jambo la kiufundi ambalo husahaulika: simu nyingi za mezani zilikuwa na kengele tu, bila kuonesha nani anapiga. Bipu inahitaji namba ionekane kwenye kioo, na inahitaji mtandao usiotoza mpaka simu ipokelewe. Masharti hayo mawili yalipokutana, watu wakapata njia ya kupeana ujumbe ambao kampuni iliubeba bila kupata faranga moja. Kwangu huo ni uvumbuzi wa wananchi kabisa, na ninashangaa tulivyouchukulia kama ubahili.

Wasiokuwa na simu walikwenda kwa wauza tuvugane, yaani simu za kulipia, barabarani. Kifaa chenyewe kilikuwa na umbo la simu ya mezani, mkono wa kusikilizia na vitufe vikubwa, lakini ndani yake mlikuwa na laini ya simu ya mkononi. Kwa Wanyarwanda wengi, hiyo ndiyo simu ya mezani pekee waliyowahi kuishika.

Rwandatel, kampuni ya simu ya taifa, ilitangatanga. Mwaka 2005 iliuzwa kwa kampuni ya Terracom, serikali ikairudisha, na mwaka 2007 LAP Green ya Libya ikanunua asilimia 80 kwa dola milioni 100. Ilijaribu simu za mkononi kwa kuchelewa. Mwaka 2011 mamlaka ya udhibiti, RURA, ikaifutia leseni ya simu za mkononi. Mwaka 2013 Rwandatel ikaingia mikononi mwa Liquid Telecom, kampuni ya mikongo. Hapo tusidanganyike: waya haukufa. Sauti yako husafiri hewani mpaka kwenye mnara. Kutoka mnarani, mapema au baadaye hushuka ardhini, kwenye mkongo. Serikali ilitandaza zaidi ya kilomita 2,000 za mkongo huo nchini. Kilichotoweka ni waya wa kuingia sebuleni, ambao wengi wetu hatukuwa nao.

Leo watafiti wanaipenda sana Rwanda kwa sababu ya rekodi za simu. Mwaka 2015 Joshua Blumenstock na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba rekodi za wateja wapatao milioni 1.5 zinaweza kukadiria umaskini na utajiri, wilaya kwa wilaya. Kazi nzuri. Lakini rekodi hizo zinamhesabu mwenye laini. Jirani aliyeazima simu, na mteja wa tuvugane, wamefichwa chini ya namba ya mtu mwingine.

Wanafunzi wangu, mafundi wa Rwandatel wanazeeka, na waliouza tuvugane wako bado mitaani wakifanya biashara nyingine. Kabla hamjaandika barua ya kuomba data kwenye kampuni, nendeni mkawahoji hao kwanza.