Mkimbizi Asiyekimbia: Filamu, Lugha na Makazi ya Katavi



Neno mkimbizi latokana na kitenzi kukimbia, kama mjuzi litokavyo na kujua. Ni nomino ya mtenda: hutaja tendo, wala halitaji hifadhi. Filamu za vita hulitii mno neno hili. Kamera hupenda miguu barabarani, mizigo kichwani na vizuizi vya askari. Katika Hotel Rwanda (2004), hadithi hukoma mara familia inaponusurika. Yatakayofuata hayamo katika kisa.

Katavi, kisa chenyewe ndicho hicho kinachofuata. Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba mwaka 1973, na baadaye Mishamo, mwishoni mwa muongo huo, katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda. Walifyeka misitu, wakalima, wakazaa. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1975 hakukimbia kitu chochote, ila aliandikwa mkimbizi. Mwaka 2007 wakazi wa makazi hayo, pamoja na wa Ulyankulu mkoani Tabora, walitakiwa kuchagua: kurejea Burundi au kuomba uraia. Takriban wanne katika kila watano waliomba uraia. Kufikia mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, lakini vyeti havikuanza kugawiwa kwa wingi hadi mwaka 2014, kwani awali ilitakiwa kwanza wahame na kutawanywa katika mikoa mingine. Yule mtoto alikuwa amekaribia miaka 40. Kungoja karatasi kunapigwaje picha?

Hata hivyo, tusiharakishe kulitupa neno. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuchapa kitabu chake mwaka 1995, aliwakuta watu waliouthamini ukimbizi wao, kwa kuwa ulitunza dai lao juu ya nchi waliyonyang'anywa. Wenzao wa mjini Kigoma walilikwepa jina hilo. Sheria nayo ikaleta raia wa tajnisi, neno la Kiarabu lililo safi kiasi cha kutokuwa na kumbukumbu yoyote ndani yake. Basi mtayarishaji wa filamu anayeandika mojawapo ya majina haya chini ya uso wa mtu amekwisha kutoa hukumu kabla mtu huyo hajafungua kinywa.

Hukumu nyingine hujificha katika tafsiri. Tuseme bibi anasimulia mwaka 1972 kwa Kirundi, na mjukuu anajibu kwa Kiswahili. Akitiwa bibi peke yake maandishi ya Kiswahili, filamu imemweka bibi ugenini na mjukuu nyumbani, ilhali wameketi mkeka mmoja. Mimi ningetaka maneno ya mjukuu nayo yaandikwe kwa Kirundi, hata kama watazamaji wa Dar es Salaam watalalamika kwamba skrini imejaa.