Ramli ya Kompyuta

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana katika mkutano wao wa mwaka)



Nimetakiwa nizungumze juu ya kamari. Naamini hakuna hata mmoja kati yenu asiyejua kwamba Qur'an Tukufu imeiharamisha, kwa hiyo sitarudia mliyokwisha kuyasikia mara nyingi. Nataka kusema juu ya kamari iliyovaa joho la elimu, maana hiyo ndiyo iliyoingia nyumbani kwangu, nami nimekuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi.

Mpwa wangu anaishi Uingereza. Alipokuja likizo alinionyesha katika kompyuta yake programu aliyoinunua. Ndani yake mna matokeo ya bahati nasibu ya taifa ya nchi ile tangu ilipoanza Novemba 1994. Ukiiamuru, inakuchorea namba zilizotoka mara nyingi, ambazo huziita za moto, na zilizochelewa, ambazo huziita za baridi; inakuonyesha zipi hutoka pamoja; kisha inakupangia mistari ya kucheza. Nikamwambia, hii ni kamari. Akanijibu kwa adabu: "Hapana, Mjomba. Kamari ni kubahatisha. Mimi nafanya hesabu, na hesabu umenifundisha wewe mwenyewe."

Usiku ule sikumjibu. Neno lake lilinichoma, kwani ni kweli nilimfundisha.

Asubuhi tukaketi pamoja. Mchezaji huchagua namba 6 kati ya 59, na mipangilio iwezekanayo ni 45,057,474. Droo ni mbili kwa wiki. Mwenye kucheza mstari mmoja katika kila droo atangoja, kwa wastani, zaidi ya miaka 433,000 apate zawadi kubwa mara moja. Hayo aliyajua, alichotumaini ni kwamba programu itamfupishia njia. Basi nikamwambia aiulize namba za baridi. Zikaja kwa safu, na karibu zote zilikuwa baina ya 50 na 59! Sababu ni nyepesi. Hapo mwanzo mipira ilikuwa 49 tu. Ilikuja kuongezwa hadi 59 mwezi Oktoba 2015. Programu ilizihesabia namba hizo uchelewaji wa miaka ambayo hazikuwamo hata ndani ya mashine. Na yeye, kijana msomi, alikuwa akizilipia fedha kwa sababu "zimechelewa".

Alicheka, akasema hilo ni kosa la kurekebishwa. Nikakubali, akarekebisha. Ndipo tukaifanyia mtihani. Tuliifunika macho isione droo 40 za mwisho, tukaiambia itutajie namba za kila droo. Upande wa pili mjukuu wangu alikuwa na mfuko wenye visoda 59 tulivyoviandika namba, akichomoa 6 kila tulipomwambia. Kati ya namba 240 zinazotajwa hivyo, hesabu inasema kwamba zipatazo 24 zitaangukia sawa kwa nasibu tupu. Programu ilizunguka hapo hapo, na mfuko wa mtoto nao ulizunguka hapo hapo.

Wapenzi vijana, mipira haina kumbukumbu. Huko Bulgaria, mwezi Septemba 2009, namba 4, 15, 23, 24, 35 na 42 zilitoka tarehe 6, na tarehe 10 zikatoka tena zote sita. Serikali ikaamuru uchunguzi, na udanganyifu haukuonekana. Namba iliyotoka jana haijachoka, wala isiyotoka haidai zamu yake.

Yafaa niseme kwa insafu kwamba hesabu ya kweli juu ya jambo hili ipo. Mwaka 2023 wanahisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester, David Stewart na David Cushing, walithibitisha kwamba tiketi 27 zilizopangwa kwa ustadi zinatosha kumhakikishia mchezaji kupata walau namba mbili. Ni kazi nzuri ya akili, nami niliifurahia kama mwalimu. Lakini tiketi moja ni pauni 2, basi 27 ni pauni 54. Na walipojaribu wenyewe walichopata ni ruhusa ya kucheza tena bure mara tatu. Mpwa wangu akauliza kama hakuna aliyewahi kushinda kwa kompyuta. Nikamwambia yupo: Eddie Tipton wa Marekani, aliyekuwa msimamizi wa usalama wa mitambo ya bahati nasibu, ambaye alificha maagizo yake ndani ya mtambo wenyewe wa kutoa namba. Tiketi yake ya mwaka 2010 ilikuwa ya dola milioni 16.5. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo kisichozidi miaka 25. Huyo hakutabiri, aliiba.

Sasa itazameni Sura Al-Maida. Imetaja kamari, na katika aya ile ile imetaja mishale ya kupigia ramli. Zamani nilidhani hayo ni mambo mawili. Nilipoiona programu ile niliona yamekaa kiti kimoja: mtu anaweka fedha yake kwenye kamari, kisha anakiuliza kitu kisichojua chochote kimpe habari ya ghaibu. Mpwa wangu humcheka mpiga bao wa mtaani kwetu anayetazama mchanga. Tofauti ni kwamba mchanga hauna rangi nzuri kama ile michoro.

Alikuwa na hoja moja iliyobaki, kwamba sehemu ya fedha za bahati nasibu ile huenda kwenye mambo ya heri. Ni kweli. Lakini Waarabu wa ujahilia nao walimchinja ngamia, wakapigia mafungu yake kura kwa mishale kumi, saba yenye hisa na mitatu mitupu, na washindi waliona fahari kuwapa maskini ile nyama. Sura Al-Baqara haikukanusha kuwamo faida; imesema dhambi yake ni kubwa kuliko faida yake.

Mwisho nilimwomba anionyeshe katika programu mahali panapoandikwa fedha alizotoa. Hapakuwapo. Kuna michoro ya kila kitu, isipokuwa hiyo. Tukachukua karatasi. Mistari mitano kila droo, droo mbili kwa wiki: pauni 20. Kwa mwaka 1,040. Kwa miaka minne 4,160. Zawadi alizozikumbuka zote hazikufika pauni 300. Nyumba ya mama yake, ambaye ni dada yangu, imesimama kwenye linta kwa miaka hiyo hiyo minne, na tulikuwa tunaiona kutoka barazani tulipoketi. Sikumwonyesha kwa kidole.

Aliiomba ile karatasi, akaikunja na kuitia ndani ya pasipoti. Nilipompigia simu mwezi uliopita aliniambia, bila kunificha, kwamba programu bado hajaifuta. Nawaombeni mumkumbuke katika dua zenu.

Wassalaam alaikum warahmatullah.