Hilful-Fudhuul: Haki ya Mgeni ni Amana Yetu

(Mawaidha yaliyotolewa Kalangalala, Geita)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.



Wengi wetu hapa Kalangalala makaburi ya babu zetu yako mbali. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, Wasukuma na Wazinza wamekuwa majirani wa Wahaya, Waha na Wakurya. Msikiti nao umekuwa jirani wa kanisa. Basi mtu asiye na ukoo hapa, haki yake italindwa na nani?

Makka nayo ilikuwa mji wa biashara. Alifika mfanyabiashara kutoka Yemen, akamuuzia bidhaa Al-'Aas bin Waail, mkubwa miongoni mwa Maquraishi, naye akamnyima malipo. Mgeni yule hakuwa na kabila la kumtetea, akapanda jabali la Abu Qubays akapaza sauti. Ndipo koo kadhaa zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'aan, wakaapa kumsimamia kila mdhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakamwendea Al-'Aas, wakairejesha mali. Mtume (s.a.w.) alihudhuria mkataba huo kabla ya Utume, na baada ya Uislamu akabainisha kwamba lau angeitwa tena katika mfano wake, angeitikia.

Hapa pana mazingatio mawili. Kwanza, kushirikiana na asiye Muislamu katika kuzuia dhulma si udhaifu wa imani. Pili, na hili ndilo zito, dhalimu alikuwa mtu wao wenyewe. Kumtetea ndugu aliyeonewa ni jambo jepesi. Mtihani ni pale ndugu yetu anapokuwa ndiye muoneaji. Rejeeni Suratun-Nisaa, aya ya 135.

Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wetu huu, mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuzwa uliishia katika umwagaji wa damu, na mchungaji mmoja akauawa. Mzozo wa nyama wapo wa kuuamua. Roho iliyotoka hakuna wa kuirudisha.

Basi tusingoje moto uwake. Wazee wa msikiti, wa kanisa na mwenyekiti wa mtaa wajuane na kukaa pamoja wakati wa amani. Mwenye duara akimnyima mchimbaji mgao wake, tusiulize kwanza mchimbaji ni wa dini gani. Na mwenye duara akiwa ni wa safu yetu ya swala, sisi ndio tuwe wa mwanzo kumwendea. Mgeni akifa bila jamaa, tujitokeze na jirani zake kumsitiri. Hapo ndipo mtu atakapouita mji huu kwao.

Allah (s.w.) atujaalie kuwa wasimamizi wa uadilifu. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.