Valvu za Gitaa

Jioni hii twapenda kunena habari za mashine ikuzayo sauti ya gitaa kwa valvu, zile chupa ndogo za kioo ziwakazo kama makaa.

Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani alitia wavu wa waya ndani ya valvu, na kwa wavu huo umeme hafifu huutawala umeme mkubwa. Valvu ikilemewa haikati sauti ghafula. Huikunja polepole, ikawa nzito, yenye mkwaruzo mtamu. Kwa hiyo wapigaji wengi hawajaziacha, ijapokuwa transista ni nyepesi na rahisi.

Wengine hujiundia wenyewe. Wanaoanza huigiza Champ ya Leo Fender ya miaka ya 1950: valvu tatu tu, wati 5 hivi. Kulehemu twakuona kazi njema kwa vijana. Lakini ndani mna volti zaidi ya 300, na kapasita huweza kuziweka hata waya ukisha kung'olewa ukutani. Umeme huo huua. Basi fundi huumwaga kwa rezista, hupima kwa mita hata aone sifuri, ndipo atie mkono. Akilazimika kupima mashine ikiwaka, mkono wa pili hukaa mfukoni.