Tusome Kabla ya Kutenda

(Haya ni maneno ya kamati yetu ya maendeleo, yaliyosomwa mbele ya wazazi na vikundi vya wakulima katika ukumbi wa kanisa.)

Tumeombwa tuzungumze juu ya kusoma. Huenda mtu anasema moyoni, "Hayo ni ya watoto wa shule, sisi tulishamaliza." Basi leo hatutaanza na watoto. Tutaanza na sisi wenyewe, watu wa kamati, na kosa tulilolifanya.

Nyanya zetu

Mnalikumbuka lile shamba la nyanya tulilokodi kule mtoni. Tulipalilia kwa zamu, tukanyunyizia maji kwa ndoo. Pesa za mavuno zilikuwa za kununua tangi la maji ya mvua kwa watoto wa chekechea.

Majani yalipoanza kuwa na madoa, mmoja wetu alitoa simu akatuonyesha video. Mtu wa kwenye video aliongea vizuri, tena kwa kujiamini: changanya dawa hii na ile, ongeza kipimo mara mbili, utaona maajabu. Tukaitazama. Tukairudia. Wakati huo chupa ya dawa ilikuwa mkononi mwetu, na maagizo yamebandikwa juu yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyasoma.

Siku chache baadaye majani yalikuwa yamekauka kama yaliyopitiwa na moto. Tuliposimama pale tukilaumiana, mtoto wa darasa la sita aliyekuja na mama yake aliinama karibu na ile chupa. Tulimkataza asiishike. Akaisoma pale pale ilipolala, kwa sauti, kwamba dawa hiyo isichanganywe na nyingine, na kipimo kisizidishwe. Jamani, tulinyamaza kimya. Mwaka ule tangi halikununuliwa, na watoto waliendelea kubeba maji ya chupa kutoka nyumbani.

Hatusemi simu ni mbaya. Simu hiyo hiyo inatuletea bei za soko na salamu za watoto walio mbali. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa na maneno mawili, la video na la chupa, tukalifuata lile lililokuwa rahisi kulisikiliza. Video inakwenda kwa mwendo wake mwenyewe. Maandishi yanakungoja. Usipoelewa unarudi nyuma, unaweka kidole kwenye mstari, unamwuliza jirani, "Hebu neno hili lina maana gani?" Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na sisi tumelipia methali hiyo kwa pesa taslimu.

Kusoma ni kujitegemea

Jambo hili wazee wetu walilijua zamani. Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza "athomi", na kule Buganda waliitwa "abasomi", yaani wasomaji. Mtu alijulikana kwa kitabu alichobeba mkononi.

Tena tunamkumbuka mzee Kimani Maruge wa Eldoret. Elimu ya msingi ilifanywa bila malipo mwaka 2003, na Januari 2004 mzee huyu akavaa sare, akaingia darasa la kwanza. Alisema ana miaka 84. Sababu moja aliyoitoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia kwa macho yake mwenyewe, ajue kama anayohubiriwa ndiyo yaliyoandikwa. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza juu ya elimu, na alifariki mwaka 2009. Mzee huyo hakutafuta kazi ya ofisi. Alikataa tu kuishi kwa mdomo wa mtu mwingine.

Serikali nayo ilianza kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1979, na wengi hapa mna mama au nyanya aliyejifunza kuandika jina lake katika darasa la ngumbaru. Lakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watu wazima waliojua kusoma na kuandika walikuwa 61.5 kwa mia. Na waliofikia kiwango cha kuweza kusoma vizuri na kutumia wanayoyasoma hawakufika hata theluthi moja. Hapo ndipo penye jambo. Kutambua herufi ni mlango tu. Kuna watu wanaojua kusoma ambao hawasomi, na sisi siku ile ya nyanya tulikuwa kati yao.

Simu inataka msomaji

Wengine wanafikiri kwamba kwa kuwa sasa kuna picha na sauti, haja ya kusoma imepungua. Sivyo, imeongezeka. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa zetu zinapita ndani ya maandishi. Ujumbe unaingia: umepokea shilingi kadhaa. Mara mtu anapiga, analia, "Mama, nimetuma kwako kimakosa, nirudishie." Asiyesoma anarudisha. Anayesoma anaangalia kwanza: ujumbe huu umetoka wapi, kwa M-Pesa yenyewe au kwa nambari ya mtu tu? Na salio langu limeongezeka, au liko vile vile? Robo ya dakika ya kusoma inaokoa karo ya muhula.

Na mikopo ya simu, je? Maneno ni mengi, herufi ni ndogo, na chini kabisa kuna neno moja, "Nakubali". Kidole kinalikimbilia lile moja. Umekubali nini? Riba ni ngapi? Siku ya kulipa ikipita, utatozwa nini? Umewapa ruhusa ya kuona majina ya watu ulio nao kwenye simu? Kubonyeza hapo ni kama kutia sahihi mbele ya wakili, ingawa umekaa jikoni unachochea moto.

Yanayotuzuia

Tusidanganyane kwamba ni uvivu tu. Tulipoulizana katika vikundi, tulipata mambo matatu.

Kwanza, macho. Mtu akishapita miaka 40 hivi, macho huanza kushindwa na herufi za karibu. Mnaona mzee anavyoshika karatasi mbali, mkono umenyooka kama anaifukuza! Hajasahau kusoma. Anahitaji miwani ya kusomea. Apimwe macho kwanza, kwa sababu wakati mwingine tatizo ni lingine linalotaka daktari.

Pili, aibu. Mtu anaogopa kusoma polepole mbele ya watu. Ndugu, anayesoma polepole na kuelewa amemshinda anayekimbia bila kuelewa.

Tatu, vitabu viko mbali. Hili ni kweli, lakini haliwezi kuwa kisingizio milele. Huduma ya maktaba ya taifa iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na mwaka 1996 ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Ikiwa vitabu viliweza kusafiri juu ya mgongo wa ngamia katika jua lile, vyetu vitashindwa kupanda baiskeli au boda boda?

Tuliyoamua

Kamati haikuja na maneno matupu. Tumeamua haya, na tunawaomba mtushike kwayo.

1. Kila kikundi kitachagua msomaji. Hakuna mkataba, fomu ya mkopo wala maagizo ya dawa yatakayofuatwa kabla hayajasomwa kwa sauti mbele ya wote. Kwa dawa za shamba tutasoma kipimo, mavazi ya kujikinga, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Nyanya hizo zinaliwa na watoto wetu.

2. Chumba kidogo kando ya ukumbi huu kitafunguliwa kila Alhamisi saa kumi jioni. Leteni vitabu vilivyolala nyumbani, magazeti ya juzi, hata vitabu vya shule vya kaka mkubwa. Vitaandikwa kwenye daftari, na kila anayeazima ataweka sahihi.

3. Nyumbani tuweke dakika 15 kabla ya kulala. Simu na televisheni zipumzike. Mtoto amsomee mzazi, au mzazi amsomee mtoto, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa lugha ya nyumbani. Mzazi asiyejua kusoma akae asikilize, kisha aulize, "Halafu ikawaje?" Swali hilo peke yake linamfundisha mtoto kwamba kitabu kina maana.

4. Wanaotaka kujifunza herufi tangu mwanzo waje wamwone katibu faraghani. Hatutatangaza jina la mtu.

Msimu ujao tutapanda nyanya tena. Yule mtoto wa darasa la sita yuko hapa leo. Tumemwomba, na mama yake amekubali, aje siku ya kwanza ya kunyunyiza dawa asimame mbali na pampu, chupa ishikwe na mkubwa, naye atusikilize tukisoma. Tukiruka mstari, atusimamishe.

Sasa karatasi hizi zitapitishwa. Kabla ya kuweka jina lako, tafadhali, isome.